Ninampigia Mama

Kwanza niseme hivi, nisije nikakatizwa katikati: mimi si mtu wa mashetani. Mimi ni msusi. Nakaa na vichwa vya watu kutwa nzima, nasikia kila uzushi unaopita mjini, na nusu yake naisahau kabla sijamaliza mstari mmoja wa nywele. Mtu akiniambia nyumba yake ina kelele za ajabu, namwambia atafute panya. Kwa hiyo hili la gari la Baba usilipokee kama maneno ya mwoga. Woga mimi simo.

Baba alikuwa dereva wa ofisi maisha yake yote. Magari ya ofisi hayakuwa na redio. Zilikuwa zimeng'olewa, mahali pake pamezibwa kwa kibati, ili madereva wasinogewe na muziki wakasahau kazi. Miaka yote hiyo aliendesha wakubwa huku akikitazama kile kibati. Alipostaafu na kujinunulia gari lake mwenyewe, kuukuu lakini lake, muuzaji alitaka kufungua boneti amwonyeshe injini. Baba akamwambia, "Injini baadaye. Washa redio."

Na redio ilikuwepo, tena si zile za kuzungusha kitufe. Ilikuwa na kioo kipana katikati ya dashibodi. Unagusa kwa kidole, inashika stesheni, inacheza nyimbo zilizomo kwenye simu yako, na hata simu inakupigia yenyewe huku mikono yako iko kwenye usukani. Fundi wa redio akaiwekea Kiswahili. Basi ikawa inaongea kwa sauti ya mwanamke, Kiswahili safi cha mtu ambaye hajawahi kugombana na jirani: "Karibu. Tafadhali funga mkanda." Baba akaipenda siku hiyo hiyo, akaiita Dada. Mama yeye akaiita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu hajambo?" Mama alikuwa akiuliza kila Baba anaporudi. "Leo umempa petroli ya kutosha, au naye umembania kama mimi?"

Baba na Dada walikuwa hawaelewani hata kidogo. Ungepita karibu na gari ungedhani ndani kuna kesi.

"Punguza sauti," Baba anasema.

"Sauti hayumo kwenye orodha ya majina," Dada anajibu.

"Nimesema punguza, we mwanamke! Husikii?"

"Samahani. Tafadhali rudia."

Na Baba alikuwa akirudia, anafoka huku anacheka, mate yanaruka mpaka kwenye kioo. Kwenye usukani kulikuwa na kitufe chenye picha ya simu. Ukikigusa tu, Dada anakuuliza unataka kumpigia nani. Ukikikandamiza kwa muda, haulizi. Anampigia yule uliyempigia mwisho. Baba alinionyesha hilo mara nyingi mno, kama vile mimi ndiye niliyekuja kulinunua gari.

Alifia humo ndani. Asubuhi kweupe, uani kwetu, redio ikisoma habari. Ilikuwa moyo. Alitoka tu kulipasha gari moto kama kawaida yake, simu ameiacha mezani kando ya kikombe cha chai. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Mimi nilikuwa saluni, mtaa wa pili. Alipokutwa, dole gumba lake lilikuwa bado limekandamiza kile kitufe.

Hilo dole gumba ndilo lililomvunja Mama. Wengine walilia msiba ukaisha, yeye akabaki na dole gumba.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Mwanamume anakata roho anamwita mkewe, na mkewe anasugua mashuka."

"Mama, simu ilikuwa mezani. Gari bila simu haliwezi kupiga popote."

"Simu haikupiga. Yeye aliita."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Baada ya mazishi watu walinitisha kuwa matapeli hutumia laini za marehemu, kwa hiyo nikaichomoa laini ya Baba na kuikata vipande kwa mkasi wangu wa saluni. Simu yenyewe ilikuwa imezimika. Mama akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini chini ya nguo. Hayo sikusimuliwa. Nimeyafanya na kuyaona mwenyewe.

Gari nikawa naliendesha mimi.

Mara ya kwanza tulikuwa tunatoka zahanati, Mama amepimwa presha. Nyuma alikaa binti yangu, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akitafuna. Tumekwama kwenye foleni, jua limesimama utosini, redio nimeizima kabisa maana Mama alisema kichwa kinamgonga. Mara kioo kikawaka chenyewe.

"Ninampigia Mama," akasema Dada.

Mama akakaa wima. Akafungua mdomo. "Abe—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza, ondoka ulipo, nenda ukauone uso kwanza. Anayeita bila uso ana safari yake, na ukishasema abee umekubali kufuatana naye. Nilikua nacheka maneno hayo, lakini siku hiyo sikucheka.

Tukasubiri. Nilisikia pumzi yake moto kwenye kiganja changu.

"Simu haijaunganishwa," akasema Dada, na kioo kikazimika. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi kama wendawazimu, kumbe foleni ilishasogea.

"Mama," Chiriku akaniuliza, "nani anampigia nani?"

"Gari bovu. Kaa vizuri."

Tulifika nyumbani. Mama aliposhuka alifunga mlango polepole, akauegemea kidogo kwa bega kama mtu anayeaga.

Basi ikawa ndiyo desturi. Nikienda kununua dawa za nywele: "Ninampigia Mama." Nikimpeleka Chiriku shule: "Ninampigia Mama." Nikaudhika, nikauficha ufunguo kwenye kopo la vibanio. Alasiri hiyo hiyo nimesimama uani naanika taulo za saluni, gari limefungwa, halina mtu, nikamsikia Dada kupitia kwenye vioo. Sauti ile ile ya adabu. Taulo ziliniponyoka zote zikaanguka kwenye vumbi, na nikazifua upya huku natukana.

Ningekuwa peke yangu ningelisukuma gari mtaroni nikalala usingizi wangu. Lakini Mama alianza kukaa humo. Asubuhi akishanawa uso, anaufungua mlango wa abiria (alikuwa na ufunguo wake wa akiba, sijui kauficha wapi), anakaa, mikono mapajani, anasubiri. Nikimpelekea uji unarudi umeganda utando. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa, ale. Kana kwamba mimi sikujua kuwa dawa ya njaa ni kula!

Kisha akaanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa ya shughuli kampa jirani wa kushoto. Vikombe vyake vya maua, ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvigusa, kampa jirani wa kulia, mwanamke waliyenuniana naye tangu sijaota meno. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama kumpa yule mwanamke vikombe!

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Anayeitwa hafungashi mizigo mingi."

"Nani kakuita? Redio?"

"Mara ya kwanza nilimnyima jibu. Nitamwitikia. Nangoja tu nijiweke sawa."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutoitika!"

"Nilikufundisha usiitike usiyemjua. Huyu nimemjua ujana wangu wote."

Nikapiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba ana ubinafsi, kwamba sijamaliza kumlilia mmoja na yeye ananiandalia wa pili. Akanitazama kwa upole, na upole huo ukanitia hasira zaidi. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliingia chooni nikafungulia bomba, nikalia humo ili Chiriku asinisikie.

Kesho yake nikalipeleka gari kwa yule fundi aliyeweka Kiswahili. Anaitwa Fundi Waya. Duka lake limejaa redio za magari zilizong'olewa, zimepangwa ukutani mpaka juu na nyaya zao zikining'inia, na yeye anazungumza na bisibisi mdomoni.

"Ing'oe," nikamwambia. "Itupe. Niwekee kibati."

"Kwani ina nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka bisibisi ikamtoka. "Shetani gani huyo anayetumia kitufe? Shetani ana haraka zake, dada yangu." Akaingia ndani ya gari, akagonga hapa, akanusa pale. "Tazama. Hiki kitufe kinanata. Jasho na vumbi. Kikinata, redio inadhani umekikandamiza, inampigia mtu wa mwisho. Majina ilishayanakili zamani kutoka kwenye simu ya mzee, imeyaweka kichwani mwake. Na hii redio waya wake umeungwa moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana hata bila ufunguo inaamka. Ila kupiga haiwezi, haina simu. Ni kasuku tu."

Nilitaka kumbusu mkono mchafu ule. Kasuku! Nikajiona nikimrudishia Mama maneno hayo na uji wa moto. Lakini namjua Mama. Angeniambia, sawa, kasuku, lakini kasuku hurudia maneno ya mwenyewe, na maneno ya mwisho ya baba yako yalikuwa ni kuniita mimi.

"Nionyeshe hilo jina," nikasema. "Huyo Mama."

"Si ni mama yako?"

"Nionyeshe."

Akafungua orodha. Nikacheka na kuumia kwa wakati mmoja, maana Baba alikuwa mzima humo ndani na utani wake: Daktari wa Macho, Fundi Bomba Mwongo, Kinyozi, Mama, Nyumbani. Fundi akagusa Nyumbani. Ikatokea namba ya Mama yangu, ile ninayoijua hata nikiamshwa usingizini.

Nikashika dashibodi. "Hiyo ndiyo ya mama yangu. Hiyo hapo. Nyumbani."

"Basi huyo Mama ni mama yake mzee."

"Bibi alikufa kabla mtaa wetu haujajua simu ya mkononi."

"Loh. Nyumba ndogo hiyo," akasema Fundi Waya, halafu akaona sura yangu akaona aibu. "Ngoja tujue. Tuipige."

Akagusa jina la Mama, na kabla sijaisoma namba iliyotokea akaiingiza kwenye simu yake, akaiweka sikioni. Wakati huo huo simu yangu ikaanza kulia kwenye mkoba. Kwa kweli nilikereka, nikajua ni mteja anayetaka kuahirisha.

"Samahani, ngoja nipokee," nikamwambia. Namba ngeni. "Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi," ikasema simu. Na mwanamume aliyesimama mbele yangu, simu sikioni, naye alisema, "Ni mimi."

Tukatazamana.

Baba gani hamwiti bintiye mama? Njoo, mama. Pole, mama. Umekula, mama? Kila msichana kalelewa na neno hilo, na hakuna anayelihesabu kuwa ni jina lake, maana baba wa jirani naye analisema, na mwuza maandazi, na konda. Mimi mwenyewe namwita Chiriku mama mara ngapi kwa siku. Tulikaa kumtafuta Mama katika nyumba ile, tukamsingizia mmoja, na wala sikujitazama. Jioni ya mwisho alinipigia kuniuliza kama nimefunga saluni, mama, mbona kunakuwa giza. Ndiyo ikawa simu yake ya mwisho. Asubuhi yake, dole gumba lilikuwa linanitafuta mimi.

Nililia dukani kwa watu bila haya. Fundi Waya akanipa kitambaa chake cha kufutia vioo, akajifanya anatafuta msumari chini ya meza. Alikisafisha kitufe kwa dawa na mswaki, akakibonyeza na kukiachia, kikawa kinaruka kama kipya.

"Hakinati tena. Na redio niing'oe?"

"Kesho. Leo kuna mtu lazima aone."

Nilirudi nyumbani naendesha kwa furaha, na asinihukumu mtu. Nilikuwa na furaha kwa sababu moja tu: Mama hakuwa anaitwa. Njia nzima Dada alikuwa kimya. Nilipita kwenye mashimo yote makubwa ya barabara yetu nikimjaribu, na hakusema neno.

Mama alikuwa ananisubiri uani, amenuna kwa kuwa nimemwondolea kiti chake. Nikamfungulia mlango. "Kaa. Vaa miwani."

Akakaa. Nikazunguka nikakaa upande wa dereva, simu yangu nikaiweka kati yetu, nikawasha kioo, nikamfungulia orodha, nikamwonyesha kwa kidole. "Soma hapa. Namba ya nani?"

Akasoma polepole, midomo ikicheza. "Yangu."

"Na jina?"

"Nyumbani." Akavua miwani. Akaivaa tena. "Nyumbani? Yaani miaka yote hii mimi ni Nyumbani? Kama kibao cha barabarani!" Halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha kutoka tumboni, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Sikuwa nimekisikia tangu msiba. "Mshenzi yule. Hakuniita, kumbe. Nami nimeshagawa vikombe!"

"Kesho nakwenda kuvidai."

"Usithubutu. Nitakwenda mwenyewe." Akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Sasa huyo Mama ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ninao, wateja wangu wote wanajua. Lakini nilikuwa nimelewa furaha ya kicheko chake, nikagusa jina, namba ikatokea, na Mama akaisoma. Yangu pia anaijua kwa moyo.

Kicheko kikakauka. Akanigeukia, akanitazama usoni kwa makini, kipande kwa kipande, kama anavyomtazama Chiriku akiwa na homa.

"Ni wewe," akasema.

"Ni kitufe, Mama. Kilikuwa kinanata. Fundi kakisafisha, tazama." Nikakigusa na kukiachia. Kikaruka vizuri. "Unaona? Kimepona. Yameisha."

"Ndiyo," akasema Mama. Lakini alikuwa amenishika mkono, tena kwa nguvu.

Kioo kikafifia, kikawaka upya.

"Simu ya Baba imeunganishwa," akasema Dada.

Neno hilo hakuwa amelisema hata mara moja tangu msiba. Nilitazama mikono yangu. Mmoja ulikuwa mapajani, mwingine umeshikwa na Mama. Usukani haukuwa na mkono wa mtu.

"Ninampigia Mama."

Na simu yangu ikalia.

Ililia pale kwenye kiti kati yetu, inatetemeka, na juu yake limeandikwa neno Baba, na ile picha niliyompiga akiwa amevaa taulo la saluni kichwani. Laini niliyoikata vipande. Spika za gari nazo zililia pamoja nayo, mlio mmoja, mbele na nyuma. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilitaka kuipokea. Hicho ndicho ambacho watu hawakielewi nikiwasimulia, wanadhani nilitaka kukimbia. Koo langu lilishajiandaa, neno lilikuwa limefika mpaka nyuma ya meno, tamu kabisa, kwa sababu nilimkumbuka baba yangu na alikuwa ananipigia.

"Mamaaa!" Chiriku akaita kutoka ndani ya nyumba. "Mama, njoo unifungue kifungo!"

Mama akaiokota simu kabla yangu.

"Mwitikie mtoto wako," akaniambia. "Huku nitaitika mimi."

"Mama, si wewe anayekutaka! Umesoma mwenyewe, wewe ni Nyumbani!"

"Mama wa nyumba hii ni mmoja, na ni mimi. Wewe una mtoto mdogo. Mimi nimeshalea." Akanisukuma kwa kiwiko, akatabasamu kidogo. "Tena nina maneno naye. Nyumbani! Atanieleza."

Nilimrukia kuinyakua. Naapa nilimrukia. Lakini tayari alishaiweka sikioni, na akasema, kwa sauti ya mke anayeitwa kutoka chumba cha pili akiwa na kazi mkononi, "Abee."

Milio ikakatika yote kwa pamoja. Sikusikia kitu kingine. Mama alisikiliza muda mrefu, mara akitikisa kichwa, mara akisema "eeh", na mara moja akasema "si umpe muda, mtoto wako naye ana kazi." Halafu akaishusha simu mapajani.

"Mazungumzo yamekwisha. Asante," akasema Dada.

Nikamuuliza amesema nini. Nikamuuliza tena na tena, nikamtikisa mabega. Akaniambia hakuna kitu, ni upepo tu, kelele za simu mbovu. Akaniambia nikamfungue mtoto kifungo, amekwishaita, na nikitoka huko nimpikie, maana ana njaa.

Alikula sahani nzima, akaongeza. Alikwenda kwa jirani wa kulia na akarudi na vikombe vyake, wakicheka wote wawili mlangoni kama marafiki. Akaoga, akapaka mafuta, akanitaka nimsuke mistari midogo ya kubana kichwa. Nilimsuka polepole kuliko nilivyowahi kumsuka mtu yeyote. Alisinzia mapajani mwangu nikiwa nimefika kisogoni, na nikamaliza mistari iliyobaki nikijua.

Asubuhi nilisimama mlangoni kwake na kikombe cha maua mkononi. "Mama," nikaita. Nikaita tena. Mama hajawahi kuitwa mara ya pili bila kujibu.

Namkasirikia mpaka leo. Watu wananiambia umri ulifika, la kuvunda halina ubani, nami naitikia kwa kichwa tu. Fundi Waya aliing'oa redio na kuniwekea kibati, na simu ya Baba tulipofungua kitambaa tuliikuta imezimika vile vile, betri imevimba. Namba yake sijaifuta kwenye yangu. Nimejaribu, kidole hakikubali.

Na Chiriku amejifunza kutonipigia kelele kutoka vyumbani. Akiniita "Mama" na mimi simwoni, sijibu, hata akilia. Naacha nilichoshika, naenda mpaka alipo, namshika kidevu, naitazama sura yake vizuri. Ndipo namwambia, "Abee, mama."